Saa Janja za Titani na Dhahabu: Mwananchi Analipia Kasha au Analipia Kazi?

Na Mwandishi Wetu – Dar es Salaam

Muuguzi mmoja mkazi wa Mbagala, ambaye kila asubuhi hupanda basi la mwendokasi kuelekea kazini, alimuuliza mwandishi wa makala haya swali lililoonekana dogo. Alikuwa amejiwekea akiba kwa miezi kadhaa ili anunue saa janja itakayomsaidia kuhesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa, kumkumbusha saa za dawa na kumpa taarifa za simu bila kuitoa mfukoni. Dukani Kariakoo alionyeshwa saa mbili za aina moja, moja yenye kasha la alumini na nyingine yenye kasha la titani. Muuzaji alimhakikishia kuwa ya titani "haiishi milele tu, na heshima unaipata".

"Kaka, wewe ndiye unayesoma matangazo ya Serikali kila siku," alisema. "Hiyo ya titani ninunue, au nitakuwa nachezea hela?"

Swali hilo halimhusu muuguzi huyo peke yake. Kuanzia Tegeta, Bunju na Mwenge upande wa Kinondoni hadi Tandika, Chamazi na Mbagala Rangi Tatu upande wa Temeke, saa janja zimeacha kuwa kifaa cha wachache. Vijana huzivaa mazoezini, watumishi ofisini, na wazee wenye shinikizo la damu hununuliwa na watoto wao. Pamoja na ongezeko hilo umekuja msamiati mpya wa biashara, yaani titani, chuma cha pua, seramiki, kioo cha yakuti na "dhahabu ya karati". Makala haya yanachambua iwapo nyongeza ya bei inayotozwa kwa ajili ya malighafi hizo inamrudishia mwananchi thamani inayolingana, na ni mambo gani ayapime kabla ya kutoa fedha zake.

Nusu milioni kwa ajili ya kasha

Ni vema kuanza na takwimu. Mwezi Septemba 2024 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza toleo la kumi la saa yake. Bei ya kuanzia kwa kasha la alumini ilikuwa dola 399, na kwa kasha la titani dola 699. Kwa haraka mtu atasema tofauti ni dola 300. Hata hivyo, saa ya titani iliuzwa ikiwa na uwezo wa kuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa simu, wakati ile ya dola 399 haikuwa nao. Saa ya alumini yenye uwezo huo huo iliuzwa dola 499. Kwa hiyo, tukilinganisha kitu na kinachofanana nacho, dola 100 ni gharama ya mtandao wa simu na dola 200 ndizo gharama ya kasha pamoja na kioo chake.

Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 kwa ajili ya kurahisisha hesabu, dola 200 ni shilingi 500,000, kabla ya kodi, usafirishaji na faida ya muuzaji. Kiasi hicho ni sawa na kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kwa mwezi mmoja, kufuatia tangazo la Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025 la kukipandisha kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000. Kwa lugha nyingine, mtumishi wa ngazi hiyo anayechagua titani badala ya alumini anafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya ganda la saa, si kwa ajili ya saa yenyewe.

Ndani ya makasha hayo mawili mlikuwa na prosesa ile ile, vihisi vile vile vya mapigo ya moyo, muda ule ule wa betri uliotangazwa na mtengenezaji wa saa 18, na kiwango kile kile cha kustahimili maji cha mita 50. Mwananchi hana budi kulifahamu jambo hili mapema: katika saa nyingi janja, bei ya juu ya kasha hainunui akili zaidi.

Titani si adimu, kazi yake ndiyo ghali

Wengi hudhani kuwa titani ni ghali kwa sababu ni adimu kama dhahabu. Ukweli ni kinyume chake. Titani ni miongoni mwa elementi kumi zilizo nyingi zaidi katika gamba la dunia. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kwenda mbali kuthibitisha hilo. Katika eneo la Fungoni, Wilaya ya Kigamboni iliyokuwa sehemu ya Temeke, kuna mchanga mzito wenye madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Ilmenaiti na rutaili ndizo chanzo cha titani, na zirkoni ndiyo chanzo cha zirkonia, malighafi ya makasha ya seramiki. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Strandline Resources ya Australia kuhusu miradi ya mchanga mzito, na ikaundwa kampuni ya ubia ya Nyati Mineral Sands ambamo Serikali inamiliki hisa za asilimia 16.

Hata hivyo, sehemu kubwa sana ya madini ya titani yanayochimbwa duniani haiwi metali. Huchakatwa kuwa unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Ili kupata metali yenyewe, madini huunganishwa kwanza na klorini, kisha hutenganishwa kwa magnesi katika joto kali bila kuruhusu hewa kuingia. Baada ya hapo, metali hiyo ni ngumu kuchonga na huchosha vifaa vya karakana. Anayelipia kasha la titani, kwa hiyo, analipia zaidi nishati na kazi ya kiwanda kuliko uadimu wa mali. Ndiyo sababu kasha hilo haliwezi kuwekwa kama akiba. Halina soko la sonara wala bei ya gramu.

Kila malighafi ina sifa zake. Alumini ndiyo nyepesi kuliko zote, ikiwa na uzito wa takriban gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo. Titani ina gramu 4.5, na chuma cha pua kinakaribia gramu 8. Alumini ni laini na hulindwa na tabaka jembamba lililotengenezwa kiwandani. Tabaka hilo likichubuka, rangi haiwezi kurudishwa kwa kusuguliwa. Chuma cha pua huchubuka pia, ila fundi hodari anaweza kukisugua kikang'aa tena. Titani ina nguvu kubwa kwa uzito wake na haishambuliwi na maji ya bahari, lakini si kweli kwamba haichubuki. Uso wake hupata michirizi ya kijivu kwa urahisi, na muuzaji anayesema vinginevyo anapotosha. Seramiki ni ngumu kuchubuka kuliko zote hizo, ila ikiangukia vigae inaweza kupasuka, jambo ambalo ni nadra kwa metali.

Jasho, vumbi na chumvi ya Pwani

Thamani ya kasha haipimwi mezani. Hupimwa mahali saa inapovaliwa. Jiji la Dar es Salaam lina mambo matatu yanayoijaribu saa kila siku: jasho, vumbi na hewa ya chumvi.

Jasho ni maji yenye chumvi. Likikaa kati ya mkono na saa kwa saa nyingi, hushambulia metali duni. Chuma cha pua cha daraja linaloitwa 316L kina molibdeni ya asilimia mbili hadi tatu, iliyotiwa mahsusi ili kistahimili chumvi. Titani inakishinda hata hicho. Alumini yenye tabaka zima huvumilia vema, lakini palipochubuka chumvi hupata mlango. Kwa mvuvi wa Kunduchi, fundi wa boti wa Feri au mwalimu wa kuogelea anayeingia baharini karibu kila siku, tofauti hiyo ina maana. Kwa mtumishi anayetoka Mbezi kwenda ofisini na kurudi, kuisuuza saa kwa maji baridi safi na kuipangusa kila jioni kunafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila gharama.

Kuna kundi jingine linalostahili kutajwa, nalo ni la watu wenye mzio wa nikeli. Chuma cha pua kina nikeli, ingawa kile cha daraja zuri huachilia kidogo sana. Mtu ambaye hereni au bizimu ya mkanda humwasha na kumtoa vipele ana sababu ya kiafya ya kuchagua titani. Hata hivyo, kabla ya kulaumu kasha, ajiulize kama mwasho unatokana na sabuni, jasho lililoganda au mkanda uliobana mno.

Jambo la vumbi linahusu kioo zaidi kuliko kasha. Mchanga wa barabara za ndani za Chamazi, Goba au Bunju umejaa chembe za kwazi, ambayo ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 7. Kioo cha kawaida kina ugumu unaozunguka 5.5, hivyo chembe moja iliyonasa kwenye mkono wa shati inatosha kukichora. Kioo cha yakuti kina ugumu wa 9, kikizidiwa na almasi yenye 10. Yakuti hii haitoki Tunduru wala Bonde la Umba, ambako nchi yetu huchimba vito vya jina hilo. Hutengenezwa viwandani kwa kuyeyusha oksidi ya alumini katika joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Ni kioo kizuri kwelikweli dhidi ya michoro, ingawa kikigonga ukingo wa zege kinaweza kupasuka kama kingine chochote.

Hapa ndipo mnunuzi makini anapopata nafuu. Kioo cha yakuti hakiuzwi na titani peke yake. Kampuni ya Samsung, kwa mfano, katika saa zake za mwaka 2024 iliweka kioo cha yakuti hata kwenye saa ya alumini iliyoanza kuuzwa dola 299.99, wakati ile ya titani iliuzwa dola 649.99 ikiwa na betri kubwa zaidi. Kwa hiyo, anayetaka kioo kisichochorwa na mchanga aulize habari za kioo, asiuziwe kasha kwa jina la kioo.

Yasiyobadilika hata kasha likibadilika

Saa janja haifi kwa sababu ya kasha. Hufa kwa betri, kwa programu, au kwa maji yaliyopenya.

Betri za lithiamu hupungua uwezo kadiri zinavyochajiwa. Apple yenyewe inaeleza kuwa betri za saa zake zimesanifiwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wa awali baada ya mizunguko kamili 1,000 ya kuchaji. Mtu anayemaliza chaji kila siku hufika mizunguko hiyo kabla ya miaka mitatu kutimia. Joto huharakisha safari hiyo, na kiwango cha juu cha joto la mazingira kinachopendekezwa kwa saa hizo ni nyuzi 35. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani mchana wa Januari hupita kiwango hicho kwa muda mfupi. Titani haimsaidii chochote aliyeiacha saa yake juu ya dashibodi.

Kuhusu maji, kinachozuia maji kuingia ni vizuizi vya mpira na gundi kwenye maungio, vitu ambavyo huzeeka kwa sabuni, mvuke wa moto na kuanguka. Maandishi ya "mita 50" ni matokeo ya kipimo cha saa ikiwa mpya. Hayana ahadi ya miaka mitano, na hayaongezeki kwa kuwa kasha ni la dhahabu.

Kuhusu programu, historia imetupa mfano usiosahaulika. Saa ya kwanza ya Apple ilianza kuuzwa tarehe 24 Aprili 2015. Ya alumini ilianzia dola 349. Ya dhahabu ya karati 18, yaani yenye robo tatu dhahabu halisi, ilianzia dola 10,000, ambazo kwa hesabu yetu ya shilingi 2,500 ni shilingi milioni 25. Prosesa ilikuwa moja na programu moja. Mwezi Septemba 2016 toleo la dhahabu liliondolewa sokoni. Mwezi Septemba 2018, programu mpya ya saa hizo ilipotoka, kizazi kile cha kwanza hakikupata. Aliyelipa dola 349 na aliyelipa dola 10,000 waliachwa siku moja. Saa ya kizamani ya majira iliyorithiwa kutoka kwa babu inaweza kufanyiwa matengenezo na kuvaliwa na mjukuu. Saa janja, hata ikivishwa dhahabu ya Geita, ina umri wa kompyuta iliyo ndani yake.

Kutokana na hayo, tuigawe ile nyongeza ya shilingi 500,000 kwa umri halisi. Saa ikitumika miaka mitano, nyongeza hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Ikitumika mitatu, inazidi shilingi 166,000 kwa mwaka. Mwananchi ajiulize: je, michubuko ambayo titani itamwepusha nayo ina thamani hiyo kila mwaka, hali kinga ya plastiki na ya kioo zinapatikana kwa bei ndogo?

Kung'aa kunakoficha hatari

Mjadala wa titani na alumini unawahusu wanaonunua bidhaa halisi. Wananchi wengi zaidi wako katika soko jingine, la saa za bei ya chini zilizochovywa rangi ya dhahabu na kuandikwa majina makubwa. Nyingi hutengenezwa kwa aloi ya zinki yenye tabaka jembamba la rangi. Jasho la wiki chache huibandua rangi hiyo na kuacha madoa mkononi. Sumaku haitoshi kumwambia mnunuzi ukweli, kwa kuwa alumini, titani na chuma cha pua kizuri vyote havivutwi, au huvutwa kidogo sana. Uzito, maandishi yaliyochongwa vizuri, namba ya utambulisho inayokubaliwa na tovuti ya mtengenezaji, na risiti ndiyo mashahidi wa kuaminika zaidi.

Hasara ya fedha si kubwa kuliko hasara ya afya. Baadhi ya saa hizo hunadiwa kuwa zinapima sukari kwenye damu bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ikieleza kuwa haijaidhinisha saa janja wala pete janja yoyote inayodai kupima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayeamini tarakimu za kubuni anaweza kukosea kipimo cha insulini, na kosa hilo linaweza kugharimu uhai ndani ya saa chache. Kwa Tanzania, vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi mwenye mgonjwa nyumbani aendelee kutumia kipimo cha tone la damu kama alivyoelekezwa hospitalini, hata kama saa mkononi inang'aa kiasi gani.

Nchi yetu imewahi kupata funzo la namna hii. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima matumizi ya simu bandia baada ya kampeni ya kuwataka wananchi wahakiki namba tambulishi za simu zao kwa kupiga *#06#. Walioamka na simu zisizo na mtandao walikuwa na simu zenye maumbo mazuri. Waliponunua walitazama ganda, na ganda halikuwasaidia. Saa yenye laini yake ya simu nayo ni kifaa cha mawasiliano chenye namba tambulishi, hivyo inapaswa kupewa uzito ule ule.

Sheria inamlinda nani, na kwa lipi

Mwananchi anayenunua saa hayuko peke yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Kuita aloi ya zinki "titani" si uchangamfu wa biashara, ni upotoshaji. Tume hiyo pia inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo ndiyo msingi wa mapambano dhidi ya bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linasimamia ubora wa bidhaa kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009.

Aidha, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizoanza kutumika mwezi Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei za bidhaa nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mazingira yaliyoainishwa. Mnunuzi anayetajiwa dola dukani ana haki ya kudai bei ya shilingi. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja katika mada yetu, kwa sababu dola 200 hutamkwa kirahisi, lakini shilingi nusu milioni humfanya mtu afikiri.

Risiti ya mashine ya EFD ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wa mnunuzi kuidai. Pamoja na kuchangia mapato ya Serikali, risiti ndiyo ushahidi wa kwanza wa mlalamikaji. Ihakikishwe kuwa imeandikwa jina la bidhaa na bei halisi iliyolipwa. Risiti ya shilingi 50,000 kwa saa ya shilingi milioni moja na nusu humwacha mnunuzi bila nguvu siku atakapohitaji kurudishiwa fedha.

Lipo pia suala la mkopo. Nyongeza ya bei ya kasha ni sehemu ambayo mtu huona haya kuikosa, na kwa haya hiyo wengine huingia katika mikopo ya simu yenye riba kubwa, ile iliyopewa mitaani jina la "kausha damu". Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni, na kuwataka wananchi waziepuke. Mtu aliyekopa kwa ajili ya kasha atalilipa kasha hilo mara mbili: kwanza kwa muuzaji, kisha kwa mkopeshaji, na huenda saa ikazeeka kabla ya deni.

Nani anunue, nani asubiri

Haitakuwa haki kuhitimisha kuwa titani, chuma cha pua au seramiki ni upotevu kwa kila mtu. Yapo makundi ambayo nyongeza hiyo inawafaa. La kwanza ni la wanaofanya kazi katika maji ya chumvi. La pili ni la mafundi wa magari, waashi na mabaharia ambao mkono wao hugongana na vyuma kila siku na ambao saa ni chombo cha kazi. La tatu ni la wenye mzio wa metali. La nne ni la wenye uwezo ambao wameshatimiza mahitaji mengine na wanapenda kitu kizuri. Kupenda uzuri si kosa, mradi mtu ajue kuwa analipia uzuri.

Kwa waliobaki, mpangilio wa kipaumbele uwe huu. Kwanza, uhalisi wa bidhaa na dhamana yake. Pili, miaka ambayo mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho ya programu. Tatu, betri na upatikanaji wa fundi wa kuibadilisha. Nne, aina ya kioo. Tano, na mwisho kabisa, kasha. Anayenunua saa yenye laini amuulize kwanza mtoa huduma wake wa simu kama inafanya kazi katika mtandao wake, asije akalipia uwezo utakaolala. Na mwenye nusu milioni ya ziada apime kama haitamfaa zaidi akinunua toleo jipya badala ya ganda jipya, kwa kuwa mwaka mmoja zaidi wa masasisho una faida kuliko kung'aa kwa mwaka mmoja.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika saa janja, hata dhahabu yenyewe imeshindwa kuongeza siku moja ya uhai wa programu.

Muuguzi wa Mbagala alinunua ya alumini. Alichagua yenye mkanda wa mpira unaoweza kuoshwa kwa sabuni, akadai risiti, akaweka kinga ya kioo. Alisema kazini huivua na kuibana kwenye mfuko wa sare, kwa kuwa mikono ya muuguzi huoshwa mara nyingi kwa siku na saa ya mkononi, iwe ya titani au ya alumini, huhifadhi vijidudu. Fedha iliyobaki alimlipia mwanawe ada ya mafunzo ya ufundi. "Michubuko itakuja," alisema, "lakini mwanangu atakuwa amemaliza."